Jinsi nuru ya kawaida inavyoweza kugeuza swichi za molekuli zilizozoea UV

Kama unavaa ile miwani ambayo ukitoka juani inageuka nyeusi yenyewe, na unaendesha gari hapa Mombasa, lazima ushaliona hili: ukiwa unatembea Digo Road saa saba mchana inakuwa nyeusi vizuri, lakini ukiingia ndani ya gari, jua ni lile lile, linakupiga usoni kwenye foleni ya daraja la Nyali, na miwani imebaki nyeupe karibu kama ulivyoivaa usiku. Watu wengi hufikiri wameuziwa feki. Sio feki. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, na ile plastiki inakula karibu miale yote ya UV, ile sehemu ya nuru ya jua ambayo macho hayaioni, na molekuli zilizo ndani ya lenzi zinasikiliza UV zaidi ya kitu kingine chochote. Nuru tunayoiona kwa macho inapita tele, inaifikia lenzi, lakini molekuli haina habari nayo.

Alafu kuna la pili ambalo sisi watu wa pwani linatuhusu zaidi. Molekuli ikishageuka, joto linairudisha ilivyokuwa, na joto likizidi inarudi haraka zaidi, kwa hivyo miwani ile ile, kwa jua lile lile, Limuru kwenye baridi itakuwa nyeusi zaidi kuliko hapa kwetu mwezi wa pili. Yaani ndani ya hiyo lenzi kuna mvutano, UV inasukuma upande mmoja, joto linasukuma upande wa pili, na weusi unaouona ni pale walipofikiana.

Hizo ndo swichi za molekuli, na makala hii nataka niifungue mada moja tu kuhusu hizo swichi, kwa sababu naona inaandikwa kwa lugha ngumu mno na ndani yake ni kitu kizuri sana: vipi utaigeuza molekuli inayodai UV bila kuipa UV. Jibu linapitia kwenye vikristali vidogo sana, vya nanomita chache (nanomita moja ni mita moja ukiigawa mara bilioni), na pia kwenye tabia moja ya elektroni ambayo shuleni tuliipita mbio.

Tuanze na swichi yenyewe. Ni molekuli moja yenye maumbo mawili, atomu ni zile zile, hakuna kilichoongezwa wala kutolewa, kilichobadilika ni mkao tu. Maarufu zaidi ni azobenzini. Ina atomu mbili za naitrojeni katikati zilizoshikana kwa kifungo cha mara mbili, na kila upande kuna pete ya benzini. Mjerumani Eilhard Mitscherlich aliieleza tangu 1834, na kwa miaka mingi watu waliijua tu kama jamaa wa rangi za kupakia nguo. Ilifika 1937 ndo G. S. Hartley akaonyesha kwamba ukiiweka kwenye nuru, sehemu ya molekuli zinakunjika na kuwa umbo lingine. Iliyonyooka, ukipima kutoka ncha hadi ncha, ni kama nanomita 0.9, na iliyokunjika ni kama 0.55. Utasema tofauti hiyo ni kidogo, lakini kwa ulimwengu wa molekuli hiyo ni tofauti kubwa mno, inatosha kabisa kufanya dawa iingie kwenye tundu la protini au isiingie.

Na hapo ndipo watu wanapochangamka, manake fikiria dawa iliyotulia mwilini haifanyi kitu mpaka uimulike pale unapotaka, na ukitaka ikome unaimulika kwa rangi nyingine. Kuna mfano mmoja naupenda sana kwa sababu unaonyesha shida na suluhisho kwa pamoja. Kundi la Richard Kramer kule Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2012 walichukua panya vipofu, wale ambao seli zao za kupokea nuru machoni zimekufa, wakawadunga jichoni molekuli inayoitwa AAQ ambayo ndani yake kuna azobenzini. Molekuli ikaenda ikashika kwenye njia za potasiamu, yaani milango midogo inayopitisha potasiamu, za seli zilizobaki hai nyuma ya jicho, na kwa muda panya wakaanza kuitikia nuru tena. Ila AAQ ilikuwa inataka nuru kali ya kama nanomita 380 (rangi ya nuru hupimwa kwa urefu wa wimbi lake), karibu na UV, na jicho la binadamu, ile lenzi yetu ya asili, inazuia sana nuru hiyo isifike nyuma. Kwa hivyo dawa ilikuwa inafanya kazi lakini kwa mtu mzima anayetembea Makadara isingemfaa. Mwaka 2014 kundi hilo hilo wakaja na ndugu yake, DENAQ, inayoitikia nuru nyeupe ya kawaida ya mchana. Molekuli ni za ukoo mmoja na kazi ni ile ile, tofauti ilikuwa ni rangi ya nuru, na hiyo tofauti ndo inayoamua kama kitu kitabaki maabara au kitamfikia mgonjwa.

Sasa kwa nini zinadai UV? Nuru inakuja kwa vipande, kila kipande kinaitwa fotoni, na nguvu ya fotoni inategemea rangi. UV ya nanomita 365 fotoni yake ina kama elektronivolti 3.4, hicho ni kipimo cha nguvu kwa vitu vidogo kama elektroni. Kijani ya nanomita 530 ina 2.3 hivi. Nyekundu ya 650 ina 1.9. Ukienda kwenye infraredi ya 980, ambayo jicho halioni, unabaki na 1.27 tu. Azobenzini iliyonyooka inataka fotoni moja yenye nguvu ya kutosha kuirusha elektroni yake kwenye ngazi ya juu, na hiyo ngazi iko huko kwenye UV. Na hapa ndo watu wengi huteleza: hata uimulike na taa ya kijani ya uwanja mzima wa mpira, fotoni mbili za kijani hazijumlishwi zikawa moja ya UV, kwa sababu kwa hali ya kawaida molekuli inapokea fotoni moja kwa wakati mmoja, na kama hiyo moja haifiki, inapita zake. Kuongeza mwangaza ni kuongeza idadi ya fotoni, nguvu ya kila mojawapo inabaki vile vile.

Na UV sio kitu cha kuchezea. Sisi tuko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, tunajua jua la hapa linavyofanya rangi ya mashua, plastiki ya viti vya nje, na ngozi ya mvuvi. UV inavunja vifungo vya kemia, inaharibu DNA, na hata hizo swichi zenyewe ukizigeuzageuza kwa UV mara nyingi zinaanza kuchoka na kuharibika. Tena haiingii mwilini. Chukua simu yako usiku, washa tochi, ibane na kidole: unachokiona kinatokea upande wa pili ni nyekundu. Nuru nyeupe imeingia na rangi zote, lakini buluu na kijani zimeliwa na damu, nyekundu ndo imepenya. UV hata haikaribii, inaishia kwenye ngozi ya juu juu, haifikishi milimita moja. Kwa hivyo mtu anayetaka swichi ya kutumika ndani ya mwili analazimika kuelekea upande wa nyekundu na infraredi, na huko ndiko nguvu ya fotoni inakopungua. Shida yote iko hapo, unakopenya hakuna nguvu na penye nguvu hakupenyi.

Watu wamelijaribu hili kwa njia tofauti tofauti. Ya kwanza ni kuibadilisha molekuli yenyewe. Maumbile yalishatangulia huko zamani sana, manake ndani ya jicho lako kuna retinali, ambayo nayo ni swichi, ikipata nuru inanyooka kwa muda wa kama femtosekunde 200, na femtosekunde moja ni sekunde moja ukiigawa mara milioni bilioni. Retinali ikiwa peke yake inapenda nuru ya karibu nanomita 380, lakini ikishikiliwa ndani ya protini ya rodopsini inahamia karibu na 500, kijani chenye buluu. Protini inayoizunguka ndo imeivuta. Wakemia nao wakafanya kwa mikono yao: Andrew Woolley wa Toronto akapachika vikundi vya methoksi pembeni ya ule uti wa naitrojeni, na kundi la Stefan Hecht Berlin mwaka 2012 wakapachika florini sehemu hizo hizo, wakapata azobenzini inayogeuka kwa kijani na kurudi kwa buluu, na ile iliyokunjika inaweza kukaa hivyo karibu miaka miwili kwa joto la chumba kabla nusu yake kurudi. Hii ni kazi safi sana. Lakini kila molekuli unaibuni upya, na ukiibadilisha kidogo ili ipende kijani, pengine umebadilisha na vile inavyokaa kwenye protini uliyoitengenezea, kwa hivyo unarudi mwanzo.

Njia ya pili ni kuiacha molekuli vile ilivyo, alafu uweke karibu nayo kitu cha kukusanya fotoni dhaifu na kuzibadilisha kuwa moja kali. Vipo, ni nanokristali za sodiamu itriamu floraidi zenye chembechembe za itabiamu na thuliamu au ebiamu ndani yake. Itabiamu inanyonya infraredi ya nanomita 980, inaipokeza thuliamu mara kadhaa mfululizo, thuliamu inapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka mwisho inatoa UV au buluu. Hapa sheria ya fotoni moja kwa wakati haijavunjwa, ila hizi atomu zina ngazi za katikati ambazo elektroni inaweza kutulia ikisubiri nyingine ije, kitu ambacho azobenzini haina.

Kundi la Neil Branda kule Simon Fraser, Kanada, mwaka 2010 walifanya jambo ambalo kila nikilifikiria nalistaajabia. Walitengeneza chembe yenye tabaka, tabaka moja lina ebiamu, lingine lina thuliamu, wakaichanganya na swichi aina ya diarilethini. Diarilethini ikipata UV inajifunga na kupata rangi, ikipata nuru ya kuonekana inajifungua. Sasa wakatumia leza moja tu ya infraredi. Wakiipandisha nguvu, thuliamu inatoa UV na swichi inajifunga. Wakiishusha, UV inakatika karibu yote kwa sababu inataka fotoni nyingi zikutane, inabaki kijani ya ebiamu, na swichi inajifungua. Rangi ni moja, chembe ni aina moja, kinachoamua ni ukali wa leza peke yake. Ila shida yake ni kwamba inataka leza kali kweli kweli, sehemu kubwa ya nguvu inapotea njiani, na maji yananyonya hiyo 980, kwa hivyo ukimulika mwili kwa muda unaupasha moto. Kwa maoni yangu hii njia ina kazi yake, hasa pale unapohitaji kupenya kwenye nyama, lakini sio ya kutegemea kila mahali.

Ya tatu ndo iliyonifanya niandike, na hapa inabidi twende polepole kidogo.

Elektroni zina tabia inaitwa spini, ichukulie tu kwamba kila elektroni inaelekea juu au chini. Kwenye molekuli ya kawaida iliyotulia, elektroni zinakaa mbili mbili, moja juu moja chini, na hali hiyo inaitwa singleti. Nuru ikiirusha mojawapo kwenda ngazi ya juu inaenda na spini yake ile ile, kwa hivyo bado ni singleti, singleti ya juu. Lakini kuna hali nyingine, ambapo elektroni iliyorushwa imegeuza spini, sasa zote mbili zinaelekea upande mmoja, na hii inaitwa tripleti. Elektroni zenye spini moja zinaepukana, kila moja inakaa mbali na mwenzake, msukumano kati yao unapungua, na kwa sababu hiyo tripleti inakuwa chini kuliko singleti. Mara nyingi inakuwa chini sana.

Chukua stilbini, ambayo ni kama azobenzini ila katikati kuna kaboni badala ya naitrojeni. Ukitaka kuigeuza kwa kuimulika moja kwa moja lazima uende kwenye UV. Lakini tripleti ya ile iliyonyooka iko kwenye kama elektronivolti 2.1 tu. Hiyo ni nguvu ya fotoni ya rangi ya chungwa! Na ikifika kwenye tripleti inajizungusha vizuri tu, kwa sababu kifungo cha katikati kimelegea. Kwa hivyo kumbe ngazi iliyo chini ilikuwepo muda wote, na nuru ya kuonekana ina nguvu ya kuifikia.

Kilichozuia ni kwamba nuru haiwezi kukupeleka huko moja kwa moja. Kutoka singleti kwenda tripleti lazima spini igeuke, na fotoni yenyewe haigeuzi spini, kwa hivyo ukiimulika stilbini kwa chungwa haitokei kitu. Lazima apatikane mtu wa kati, anyonye nuru yeye, afikie tripleti yeye, alafu aikabidhi kwa swichi. Huyo mtu wa kati amejulikana zamani, George Hammond na wenzake Marekani waliifanyia kazi hii miaka ya 1960 kwa molekuli za kikaboni, na baadaye wakaja wengine na metali nzito kama rutheniamu na iridiamu. Kasoro ya wengi wao ni hasara ya ndani. Wananyonya fotoni wanafika singleti yao ya juu, alafu ili wageuke tripleti wanateremka, na hapo wanapoteza mara nyingi sehemu kadhaa za kumi za elektronivolti, inapotea kama joto. Umeingiza kijani, unakabidhi nyekundu. Kwa mtu anayehesabu kila kidogo ili atumie nuru dhaifu zaidi, hiyo ni hasara kubwa.

Sasa ndo waingie nanokristali za semikondakta, zile wengi wameshazisikia kwa jina la nukta za kwanta, na kama umepita maduka ya televisheni Moi Avenue ukaona imeandikwa QLED, mara nyingi ni hizo hizo, zinapokea buluu ya taa ya nyuma na kutoa kijani na nyekundu safi. Alexei Ekimov aliziona ndani ya vioo vya rangi Leningrad mwaka 1981, Louis Brus akaziona zikielea ndani ya kimiminika kule Bell Labs 1983, wala hakuna aliyekuwa anajua habari za mwenzake, na Moungi Bawendi 1993 akapata njia ya kuzipika zikatoka zote saizi moja. Wote watatu wakapewa Nobel ya Kemia 2023. Jambo lao kuu ni kwamba rangi inategemea ukubwa. Kadimiamu selenaidi ya nanomita 2 inang'aa buluu, ile ile ya nanomita 6 inang'aa nyekundu, kemia haijabadilika hata kidogo. Elektroni ikibanwa sehemu ndogo, nguvu zake zinapanda, basi. Unachagua nguvu kwa kuchagua saizi, wakati kwa molekuli za Hammond ukitaka nguvu tofauti unatafuta molekuli tofauti.

Lakini kwa mada yetu sifa kubwa ya hizi kristali ni nyingine, na inasemwa kidogo. Ndani ya nanokristali yenye atomu nzito kama kadimiamu na selenamu, spini haiko safi, imechanganyika na mwendo wa elektroni, na ule mpaka mkali wa singleti huku tripleti kule unafifia. Tofauti kati ya ngazi inayonyonya nuru na ile inayofanana na tripleti ni sehemu chache tu za elfu za elektronivolti, hata joto la chumba linaizidi. Yaani kile kipande cha nguvu ambacho wengine wanakipoteza kwenye kugeuza spini, hapa hakipotei. Kristali inanyonya kijani, na inaweza kukabidhi tripleti yenye nguvu karibu ile ile ya kijani. Ukiniuliza mimi, hii ndo sababu ya msingi ya kuzihangaikia.

Basi kukabidhi kwenyewe kunafanyikaje? Nguvu ya tripleti hairushwi kwa mbali. Ni kama mahamali wa Bandari ya Kale wanaopakua jahazi kwa kupokezana magunia: kila mmoja lazima amguse mwenzake, ukimweka mmoja hatua kumi mbali gunia linaanguka. Mawingu ya elektroni lazima yaingiliane, umbali usizidi kama nanomita moja. Na kristali ikitoka kupikwa imefunikwa na asidi ya oleiki, manyoya marefu ya kuzizuia zisigandamane, na hayo manyoya ni marefu kupita huo umbali. Swichi inayoelea kwenye kimiminika haiwezi kuifikia kristali.

Kwa hivyo unaweka mtu wa kati mwingine, mfupi, ambaye amejishikiza kwenye ngozi ya kristali kabisa. Mwaka 2016 kundi la Felix Castellano walichapisha kwenye jarida la Science jinsi walivyochukua kadimiamu selenaidi, wakashikiza juu yake molekuli ya anthraseni yenye mkono wa asidi, mkono wa asidi unang'ang'ania metali na pete za anthraseni zinabaki nje, alafu wakaangalia kwa leza za haraka sana tripleti ikitoka kwenye kristali ikiingia kwenye anthraseni. Waliiona moja kwa moja, haikuwa tena jambo la kukisia. Na faida ya kupitia hapo ni muda: kristali yenyewe inashikilia nguvu kwa makumi ya nanosekunde tu, lakini anthraseni ikiwa na tripleti inaweza kuishikilia mara maelfu zaidi, na kwa muda huo inapata nafasi ya kugongana na swichi inayopita na kuikabidhi. Sharti moja tu, kila anayepokea awe na ngazi iliyo chini kidogo ya aliyempa. Anthraseni tripleti yake ni 1.8, kwa hivyo inaweza kuilisha azobenzini, ambayo yake iko chini zaidi, lakini stilbini ya 2.1 haiwezi, kwa stilbini unatafuta mwingine aliye juu zaidi.

Tena hapa kuna utamu mmoja. Stilbini iliyokunjika tripleti yake ni kama 2.5, iliyonyooka ni 2.1. Ukiwa na mpokezi mwenye 2.3, ataweza kuilisha ile iliyonyooka na hataweza kuilisha iliyokunjika. Iliyonyooka zinageuka moja moja, na zikishakunjika hakuna wa kuzirudisha, zinajazana huko. Umeisukuma molekuli ikakaa kwenye umbo ambalo kwa kawaida hailipendi, lenye nguvu zaidi, kwa nuru ya kuonekana. Kwa kuimulika tu kwa UV ungepata mchanganyiko wa zote mbili, manake UV inazigeuza pande zote. Na kwa nanokristali hiyo 2.3 unaipata kwa kupika saizi inayofaa na kuchagua mshikizwaji anayefaa.

Azobenzini haikubali hivyo. Ukiipa tripleti inarudi karibu yote kwenye umbo la kunyooka, haijali ilianzia wapi. Kwa hivyo kwa azobenzini njia ya tripleti ni nzuri sana ya kurudisha, kwa kutumia hata nyekundu, lakini ya kwenda haifai. Watu walikubali hivyo miaka mingi, mpaka 2023 kundi la Rafal Klajn wakaonyesha kwenye Science njia ya kuzunguka: waliifungia azobenzini iliyonyooka ndani ya kizimba cha molekuli pamoja na mpokea nuru mmoja, ukikimulika kwa rangi ya kuonekana azobenzini inakunjika, ikikunjika haienei tena kizimbani inatoka nje, na ikiwa nje haiguswi na yule mpokea nuru. Karibu zote zikaishia zimekunjika. Hawakutumia nanokristali, lakini fundisho linaihusu kila nanokristali itakayofanya kazi hii, kwamba unaweza kuamua mwelekeo kwa nani anamfikia nani, hata pale ngazi za nguvu zinapokukatalia.

Yaliyobaki ni magumu na lazima yasemwe. La kwanza ni oksijeni. Oksijeni ya hewani yenyewe ni tripleti, na inahitaji chini ya elektronivolti moja kuipokea nguvu, kwa hivyo inaipora kabla swichi haijafikiwa, na ikishaipora inageuka oksijeni kali inayoshambulia kila kitu karibu yake, na swichi ikiwemo. Ndo manake majaribio mengi yanafanywa kwenye chupa zilizotolewa hewa na kujazwa naitrojeni. Kwenye damu huwezi kutoa oksijeni. Kuna wanaofungia mfumo wote ndani ya vidonge vidogo vya mafuta au plastiki ili oksijeni isiingie kirahisi, na kwa vitu vya nje ya mwili, kama rangi za kuandika na kufuta au filamu za kuhifadhi nguvu ya jua, hiyo inaweza kutosha.

La pili ni kadimiamu. Ni sumu, inakaa kwenye figo miaka mingi, na Ulaya sheria za vifaa vya elektroniki zinaibana kweli kweli. Kristali za perovskaiti, ambazo ni aina nyingine ya nanokristali, nazo zina risasi na maji yanaziharibu. Ndo maana macho ya wengi yako kwenye indiamu fosfaidi, ambayo haina kadimiamu wala risasi na tayari iko kwenye televisheni nyingi. Ila ngozi yake ina kasoro nyingi zinazonasa elektroni kabla hazijakabidhiwa, na dawa ya kawaida ya kasoro hizo ni kuifunika kwa ganda la zinki sulfaidi, na hilo ganda likiwa nene ndo hilo hilo linaloizuia tripleti isitoke. Kazi iliyopo sasa ni kupata ganda lililo jembamba kiasi cha kupitisha na zima kiasi cha kulinda, na hapo tunazungumzia tabaka moja au mbili za atomu.